Ununuzi wa Vipuri vya Elektroniki kwa Kiasi Kidogo: Maelezo kwa Mwalimu wa Sayansi

Somo la umeme katika shule ya msingi haliwezi kufundishwa kwa maneno na chaki peke yake. Mtoto aliyeunganisha kwa mikono yake nyaya, betri na taa, akaiona taa inawaka, kisha akaigeuza na kuona imekataa kuwaka, amejifunza jambo ambalo mchoro wa ubaoni hauwezi kumpa. Hayo walimu wanafunzi huyasikia tangu majuma ya mwanzo ya chuo, na wote huyakubali. Hata hivyo, waendapo katika mazoezi ya kufundisha, wengi wao hujikuta mbele ya watoto hamsini wakiwa na balbu moja na mawe mawili ya tochi. Mwalimu huunganisha, watoto hutazama. Safu ya mbele huona; safu ya nyuma husikia wenzao wakishangilia.

Sababu inayotolewa daima ni fedha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sababu hiyo ni kweli nusu tu. Vipuri vyenyewe, vile ambavyo mafundi redio huviita spea, ni rahisi mno. Kinachogharimu ni namna ya kuvinunua: kuvinunua kimoja kimoja, kuvinunua bila kujua jina lake kamili, na kuviagiza kutoka mbali kila shule peke yake. Mwalimu anayeelewa jinsi wasambazaji wa vipuri wanavyopanga bei zao anaweza kulipatia darasa zima vifaa kwa fedha ambazo mwenzake angezitumia kununua vya kuonyesha tu.

Tuanze na swali la msingi: kwa nini ni vigumu kununua kidogo? Viwanda vya vipuri havitengenezi kwa ajili ya shule. Hutengeneza kwa ajili ya viwanda vingine, ambako mashine huchukua kipuri kimoja baada ya kingine na kukipachika katika bamba la saketi. Kwa hiyo vipuri vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa katika utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki, na gurudumu moja laweza kuwa na vipuri 1,000, au 5,000, au zaidi. Mwenye kiwanda hapendi kuuza pungufu ya gurudumu moja. Hapo ndipo anapoingia msambazaji. Yeye hununua gurudumu zima, hulihifadhi ghalani, kisha hukata utepe kwa mkasi na kukuuzia vipuri kumi au ishirini unavyohitaji. Kukata, kuhesabu, kutia katika mfuko na kubandika karatasi ya jina ni kazi ya mtu, na mtu hulipwa mshahara uleule awe anahesabu vipuri kumi au mia. Kwa sababu hiyo kipuri kimoja kikinunuliwa peke yake huwa ghali sana kuliko thamani yake: unalipia mkasi na mfuko kuliko unavyolipia kipuri.

Yafaa mwalimu ajue kwamba biashara hii ya kuuza kidogo kidogo ilizaliwa na watu wa hali kama yake. Huko London mwaka 1937 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Radiospares, iliyokuwa ikiwauzia vipuri mafundi wa redio. Ndiyo iliyokuja kuitwa RS Components. Katika mji mdogo wa Thief River Falls, Minnesota, nchini Marekani, Ronald Stordahl alianzisha Digi-Key mwaka 1972, baada ya kuwauzia wapenzi wa redio za mawasiliano kifurushi cha vipuri vya kutengenezea chombo cha kupigia simu za maandishi ya Morse. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Jerry Mouser. Huyu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huko California. Wanafunzi wake wa elektroniki walihitaji vipuri na hawakuweza kuvipata kwa urahisi, naye mwaka 1964 akaanzisha biashara ya kuviuza kwa njia ya posta. Mouser Electronics sasa ni miongoni mwa wasambazaji wakubwa duniani, na bado hukubali kuuza kipuri kimoja.

Zamani wasambazaji hao walitoa orodha za bei zilizokuwa vitabu vinene kama kamusi. Siku hizi orodha zimo katika intaneti na kila mtu aweza kuzisoma bila malipo, hata asiponunua kitu. Nashauri kila mwalimu mwanafunzi azisome kabla ya kufikiria kununua, kwa kuwa ndizo zinazofundisha majina kamili ya vipuri. Na asiyejua jina kamili hawezi kununua vizuri hata Kariakoo.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mwalimu ana watoto 48 wa darasa la tano, nao watafanya kazi wawili wawili. Anahitaji seti 24. Kila seti itakuwa na mawe mawili ya tochi ya volti 1.5, vipande vya waya, swichi, diodi moja ya mwanga, yaani ile taa ndogo ambayo mafundi huiita LED, na rezista moja ya kuupunguza mkondo ili taa isiungue. Swichi haihitaji kununuliwa; kipande cha bati la kopo na misumari miwili midogo katika ubao vyatosha. Waya hupatikana katika mabaki ya fundi umeme. Kwa hiyo vinavyobaki kununuliwa ni diodi na rezista.

Diodi ya rangi gani? Swali hili laonekana la kitoto, lakini ndilo linaloamua kama somo litafanikiwa. Diodi nyekundu ya kawaida huwaka ikipata volti 2 hivi. Nyeupe na ya buluu huhitaji volti 3 hivi. Mawe mawili mapya kwa pamoja hutoa volti 3 tu, na yakichoka kidogo hutoa pungufu yake. Mwalimu akinunua diodi nyeupe kwa sababu zapendeza, baadhi ya watoto wataona mwanga hafifu na wengine hawataona kitu, nao watadhani wamekosea kuunganisha. Basi anunue nyekundu, za duara, zenye kipenyo cha milimita 5, kwa maana ndizo zinazoshikika vizuri katika vidole vya mtoto.

Rezista nayo huchaguliwa kwa hesabu ndogo. Betri hutoa volti 3, diodi hutwaa 2, inabaki volti 1. Twataka mkondo wa miliampea 10, nao watosha kabisa kuiwasha diodi ya kawaida, ambayo kikomo chake huwa miliampea 20 hivi. Gawa volti 1 kwa ampea 0.01: jibu ni omu 100. Nguvu inayopotea katika rezista hiyo ni wati 0.01 tu, kwa hiyo rezista ndogo ya robo wati yatosha na kubaki. Muuzaji akisema ana za wati 1 au 5, asinunue. Atalipa zaidi bila faida yoyote. Lakini kama shule ina betri za volti 9, hesabu hubadilika: volti 7 hugawiwa kwa ampea 0.01, na jibu ni omu 700.

Hapa mgeni hukwama. Atakwenda dukani kuomba rezista ya omu 700, naye ataambiwa haipo. Au ataomba ya omu 50, naye atachekwa. Rezista za kawaida hazitengenezwi kwa kila namba. Hutengenezwa kwa ngazi kumi na mbili, ambazo ni 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, kisha ngazi hizohizo hurudiwa kwa mamia na maelfu. Ngazi hizo zimepangwa hivyo kwa sababu kila moja yaweza kukosea kwa asilimia 10 juu au chini, na makosa hayo yakijumlishwa huziba karibu nafasi yote iliyo kati ya ngazi na ngazi. Anayetaka 700 hununua 680. Anayetaka 50 huchagua kati ya 47 na 56. Mwalimu aliyekwisha kuzijua ngazi hizi hupata alichohitaji kwa muuzaji wa kwanza badala ya kuzunguka maduka matano.

Sasa tuje kwenye bei, nazo nitazitaja kwa mfano tu, maana hubadilika kila siku. Wasambazaji huandika bei kwa vidato: bei ya kipuri kimoja, bei ya kumi, bei ya mia, bei ya elfu. Tuseme diodi moja ni shilingi 300. Ukinunua kuanzia kumi, kila moja ni shilingi 200. Ukinunua kuanzia mia, kila moja ni shilingi 90. Mwalimu wetu anahitaji 24, naye kwa busara huongeza 6 za akiba, jumla 30. Atalipa shilingi 6,000. Lakini diodi 100 zingemgharimu shilingi 9,000. Kwa shilingi 3,000 zaidi angepata diodi 70 zaidi. Na kama shule ina mikondo miwili, ikahitaji diodi 60, basi kununua 60 ni shilingi 12,000 na kununua 100 ni shilingi 9,000: kununua zaidi ni rahisi kuliko kununua kidogo! Kwa bei hizo, kila anayehitaji zaidi ya 45 anunue 100 bila kufikiri mara mbili. Hesabu hii, kwa njia, ni zoezi zuri la darasa la sita au la saba, nami naona ni bora kuliko yale mazoezi ya machungwa na maembe ambayo watoto wameyachoka.

Baada ya kidato cha bei kuna mambo mengine ya kusoma katika orodha. La kwanza na kubwa kuliko yote ni umbo la kipuri. Vipuri vingi vinavyouzwa leo havina miguu. Hubandikwa juu ya bamba la saketi kwa mashine, na rezista moja ya aina hiyo yaweza kuwa na urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8, ndogo kuliko punje ya mchele. Katika orodha picha yake hukuzwa hata ikaonekana kubwa, na bei yake huvutia kwa kuwa ndogo. Mwalimu akiiagiza, atapokea utepe wa vitu ambavyo mtoto hawezi kuvishika wala kuvifunga kwa waya. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote asome maelezo ya umbo na vipimo, ahakikishe kipuri kina miguu ya kupitishwa katika tundu. Picha isiaminiwe peke yake.

La pili ni kiasi cha chini kinachokubaliwa. Baadhi ya vipuri vimeandikwa bei ndogo sana, lakini pembeni pameandikwa kwamba haviuzwi pungufu ya elfu moja au elfu tano. La tatu ni kama kipuri kipo ghalani sasa au kitasubiriwa kutoka kiwandani, jambo linaloweza kuchukua majuma mengi. Muhula haumsubiri mtu. La nne ni namba. Kila kipuri kina namba mbili, ya mtengenezaji na ya msambazaji. Namba ya msambazaji hutumika kwake tu. Ukitaka kulinganisha bei za wauzaji wawili, tumia namba ya mtengenezaji.

Transista zina hila yake, nami naitaja kwa ajili ya wale watakaotaka kuwafundisha watoto chombo cha kupima unyevu wa udongo. Transista BC547 na 2N3904 hufanya kazi zinazokaribiana, na wauzaji hupenda kukupa moja ukiomba nyingine. Zinafaa zote mbili, lakini miguu yao imepangwa kinyume. Ukiishika kila moja upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, ya kwanza huanza kushoto kwa kolekta, kisha besi, kisha emita. Ya pili huanza kwa emita, kisha besi, kisha kolekta. Mwalimu asiyejua hayo atadhani ameuziwa mbovu.

Je, tuagize nje au tununue hapa? Kwa mahitaji ya somo letu la mfano, rezista na diodi hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, na katika maduka ya Barabara ya Luthuli mjini Nairobi, na hata kwa mafundi wa miji midogo. Ukinunua dukani huna gharama ya usafirishaji, na waweza kuijaribu diodi kabla ya kulipa. Nenda na betri yako na rezista moja mfukoni. Udhaifu wa duka ni kwamba mara nyingi vipuri havina maandishi ya asili yake, na ukihitaji 24 zinazofanana kabisa huenda ukapewa mchanganyiko. Kwa taa ya darasani si hoja kubwa. Kwa transista kubwa za nguvu ni hoja, kwa kuwa za bandia zipo nyingi, nazo huungua upesi.

Kuagiza nje kuna maana pale tu shule zinapoungana. Uzito si tatizo: rezista mia za robo wati hazifiki gramu hamsini. Tatizo ni kwamba mchukuzi wa vifurushi hutoza kiasi cha chini kilekile kwa kifurushi chepesi na kwa kifurushi kizito kidogo. Tuseme tena kwa mfano: vipuri vya shule moja ni shilingi 20,000 na usafirishaji ni shilingi 60,000. Shule hiyo imelipa mara nne ya thamani ya vipuri. Sasa shule sita za kata moja ziungane: vipuri ni shilingi 120,000, usafirishaji ni uleule shilingi 60,000, na kila shule huchangia shilingi 10,000 tu kwa usafirishaji. Juu ya hayo, shule sita kwa pamoja zitafikia kidato cha bei ya mia, ambacho moja isingekifikia. Walimu wa sayansi hukutana katika mafunzo ya kata. Hapo ndipo pa kuandika orodha moja, kumchagua mwalimu mmoja mwaminifu wa kuagiza, na kukubaliana mapema juu ya namna ya kugawana.

Wengine huagiza kutoka Shenzhen, Uchina, ambako bei ni ndogo na wauzaji wengi hufungasha mia mia. Ni njia nzuri kwa asiye na haraka. Malipo hufanywa kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya kampuni za simu. Kamati ya shule iridhie kwa maandishi kabla mwalimu hajatumia fedha yake mwenyewe akitumaini kurudishiwa. Na kabla ya kulipa, auliziwe muuzaji kama bei yake imejumuisha ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Mara nyingi haikujumuisha, na kifurushi hukwama mpaka kodi ilipwe hapa. Ankara na ionyeshe wazi kilichomo na bei yake halisi. Rezista huandikwa katika orodha ya forodha kwa namba 8533, na diodi pamoja na transista kwa namba 8541; ankara yenye namba hizo humwondolea ofisa kazi ya kubahatisha, na kifurushi hupita upesi.

Kipo kitu kimoja ambacho mwalimu wa shule ya msingi asikinunue kabisa, ingawa maelezo mengi ya vifaa vya watoto hukipendekeza: zile betri bapa za duara zinazofanana na vifungo vya nguo. Ni ndogo, ni safi, huiwasha diodi bila hata rezista, na mtoto huweza kuzimeza. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni huanza kuchoma nyama ya umio kwa muda wa saa mbili tu, na watoto wamekufa kwa ajili hiyo. Mawe ya tochi ni mazito na ya kizamani, lakini hayamezeki.

Vifurushi vifikapo, vihesabiwe mbele ya mwalimu wa pili siku hiyohiyo, maana wauzaji wengi huweka muda maalumu wa kupokea malalamiko. Rezista zisomwe rangi zake. Ya omu 100 yenye mistari minne ni kahawia, nyeusi, kahawia, kisha dhahabu inayoonyesha kosa la asilimia 5. Zile za kisasa zenye kosa la asilimia 1 zina mistari mitano, na ya omu 100 ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyeusi, kahawia. Hii husomeka sawasawa kutoka upande wowote, jambo linalowafurahisha sana watoto wakiligundua wenyewe. Diodi zijaribiwe zote kabla ya somo, moja moja, kwa betri na rezista; mguu mrefu uelekee upande wa chanya.

Kila seti itiwe katika kisanduku cha kiberiti, mia zilizosalia zikae katika chupa yenye kifuniko, na juu yake paandikwe jina kamili la kipuri, namba ya mtengenezaji, mahali kiliponunuliwa, bei na tarehe. Mwalimu huhamishwa. Atakayemfuata akiikuta chupa yenye rezista themanini zisizo na jina ataanza upya. Akiikuta yenye karatasi hiyo, ataagiza kwa namba ileile siku zitakapokwisha.